Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: tuulizeni na tunavyolala

Kwa wanaopanga huduma za afya, wanaoandika miongozo ya tiba, wanaotunga mitaala ya vyuo vya uuguzi na udaktari, na wanaosimamia kliniki za maumivu.

Yah: Usingizi wa watu wanaoishi na maumivu sugu

Waheshimiwa,

Naomba mnisikilize juu ya swali moja ambalo halimo katika fomu zenu. Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu mgongo wangu uanze kuniuma bila kukoma, na katika muda wote huo, kila nilipofika kliniki nimetakiwa kutaja namba kati ya 0 na 10 inayolingana na maumivu yangu. Nimeizoea namba hiyo kama mtu anavyozoea jina lake. Muuguzi huiandika kwenye faili, daktari huitazama, dozi hupandishwa au huachwa ilivyo, kisha napangiwa tarehe ya kurudi. Lakini swali la jinsi ninavyolala nimeulizwa mara mbili tu: mara ya kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyeshangaa kuniona nasinzia nikiwa nimesimama, na mara ya pili na mwanafunzi wa udaktari ambaye, kabla sijamaliza kumjibu, alikumbushwa na mkubwa wake kwamba foleni ni ndefu.

Nilipolitaja jambo hili mwenyewe bila kuulizwa, jibu lilikuwa lile lile kila mara: maumivu yakipungua, usingizi utarudi wenyewe. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Walioniambia walikuwa na nia njema, na kwa masikio ya mtu aliyelala vizuri jana usiku inasikika kuwa kweli tupu. Ila ni nusu ya kweli, na kwa ajili ya nusu iliyoachwa watu wengi wanakesha.

Siandiki ili kumshitaki daktari au muuguzi yeyote. Mtu aliyepewa dakika chache na mgonjwa huuliza kile ambacho fomu inamtaka aulize, hutibu kile alichofundishwa kukitambua, na humpeleka mgonjwa kwa mtaalamu ambaye yupo, si kwa yule ambaye hakuajiriwa. Fomu, mitaala, miongozo na bajeti viko mikononi mwenu, na ndiyo sababu barua hii inakuja kwenu badala ya kwenda kwao.

Niruhusuni kwanza nieleze usiku wenyewe, kwa kuwa maneno "kukosa usingizi" yanalifanya jambo lionekane dogo. Anayeyasikia hudhani tatizo ni kuchelewa kulala, apewe kikombe cha kitu cha moto na atulie. Kwa mwenye maumivu sugu, kuchelewa kulala ni mwanzo tu. Uchovu ninao, tena wa kutosha. Napanda nao kitandani kama mzigo. Lakini nikishajilaza, shughuli na sauti za mchana zilizokuwa zikinisahaulisha mgongo hunyamaza, nami nabaki na mgongo wangu gizani, hakuna wa tatu. Nikipata lepe la usingizi, mwili unataka kugeuka, na kiungo kinachouma hakigeuki bila kuniamsha. Usiku wa manane natazama saa, napiga hesabu ya muda uliobaki kabla ya kuamka, na hesabu hiyo inafukuza hata kile kidogo kilichokuwa kinakaribia. Alfajiri, wakati wa kuamka ukiwa umefika, ndipo usingizi unapokuja kwa nguvu.

Kuna usiku ambao mtu akinihesabia saa za kulala atazipata sita, nami ninaamka nimechoka kuliko nilivyokuwa jioni. Saa hizo huwa zimekatika vipande vipande. Ni usingizi wa mang'amung'amu, ambao mwenye nao akiulizwa asubuhi hana hakika kama alilala au alikesha. Ndugu zangu waliponiona nimefumba macho waliamini nimelala, na sikuwalaumu, kwani hata mimi nilikuwa nikijaribu kuamini hivyo.

Juu ya vipande hivyo naomba msimame kidogo, kwa sababu utafiti umesema neno zito. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanawake wenye afya njema. Kundi moja liliamshwa mara kwa mara usiku. Kundi jingine lilinyimwa muda, yaani lilipunguziwa saa za kulala lakini likaachwa lilale bila kusumbuliwa. Walioamshwa-amshwa ndio ambao miili yao ilipoteza sehemu ya uwezo wake wa asili wa kuzuia maumivu, na ndio walioanza kuhisi maumivu ambayo hawakuwa nayo. Mwili wa binadamu una breki zake: ubongo hutuma ishara kushuka kwenye uti wa mgongo ili kupunguza habari za maumivu zinazopanda. Usingizi unaokatwakatwa hulegeza breki hizo. Sasa mfikirieni mtu ambaye maumivu yenyewe ndiyo yanayomwamsha kila saa, si kwa siku chache za jaribio bali kwa miaka.

Habari hii si mpya. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake, huko Toronto, waliwachukua watu wasio na ugonjwa, wakawavuruga kwa kelele kila walipozama katika usingizi mzito. Asubuhi watu hao waliamka na misuli inayouma na sehemu za mwili zisizotaka kuguswa, mfano wa wagonjwa ambao siku hizi tunasema wana faibromialjia. Walipoachwa walale, hali hiyo iliondoka. Yaani tangu miaka ya sabini ya karne iliyopita imejulikana kwamba mtu anaweza kutiwa maumivu kwa kunyang'anywa usingizi mzito tu, bila jeraha, bila uvimbe, bila kitu chochote cha kuonekana kwenye picha ya eksirei.

Baadaye zikaja tafiti za watu wengi zaidi. Huko Tromsø, Norwei, zaidi ya watu wazima 10,000 walitumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali ili ionekane wangestahimili kwa muda gani. Miongoni mwa wenye tatizo la kukosa usingizi, asilimia 42 walitoa mkono kabla ya muda kwisha. Miongoni mwa wasio na tatizo hilo walikuwa asilimia 31. Waliokuwa na mambo yote mawili, maumivu sugu pamoja na kukosa usingizi, ustahimilivu wao ulishuka kuliko ambavyo ungetarajia kwa kujumlisha tu athari ya kila jambo. Utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo uliwafuatilia wanawake zaidi ya 12,000 kwa takriban miaka 10, nao ukaonyesha kwamba waliokuwa na shida ya usingizi mara nyingi au siku zote walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kupata faibromialjia, wakilinganishwa na waliolala bila shida. Hawakuwa na ugonjwa huo mwanzoni. Shida ya usingizi ilitangulia.

Mwaka 2013 tafiti za namna hii zilipokusanywa na kupimwa pamoja, waandishi wa mapitio hayo walifikia hitimisho ambalo ningependa libandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki ya maumivu: usingizi mbovu hutabiri maumivu ya kesho kwa uhakika zaidi kuliko maumivu ya leo yanavyotabiri usingizi mbovu. Njia kati ya viwili hivi inapitika kwa pande zote mbili, na upande ambao sisi hatuuangalii ndio unaopitika zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwachunguza watu wazima wenye afya baada ya usiku mmoja wa kukesha, wakaona kwamba sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mwili ilichangamka kupita kiasi mtu alipochomwa na joto, huku sehemu nyingine zinazoyapima na kuyatuliza maumivu zikiwa zimezubaa. Usiku mmoja tu!

Ndiyo maana nasema ile sentensi ya kliniki ni nusu ya kweli. Lakini kuna sababu nyingine, nayo niliijua kwa mwili wangu kabla sijaisoma popote. Katika mwaka wa saba wa ugonjwa huu nilipata matibabu yaliyonisaidia kweli, na namba yangu ikashuka kutoka 7 hadi 4. Nilifurahi, na nikangoja usingizi urudi kama nilivyoahidiwa. Haukurudi. Miezi ikapita. Mgongo ulikuwa umenyamaza kiasi, nami bado nakesha nikitazama dari, moyo ukinienda mbio kila nilipokaribia kitanda, kana kwamba kitanda chenyewe kilikuwa na deni langu. Nilipoeleza hayo kliniki niliambiwa nina wasiwasi. Wasiwasi ulikuwepo, sikatai. Swali lilikuwa umetoka wapi na unatibiwaje.

Mtaalamu wa usingizi Arthur Spielman aliueleza mwendo huu katika miaka ya themanini kwa maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyaelewa. Kuna mambo yanayomweka mtu katika hatari ya kukosa usingizi, kuna jambo linalouangusha usingizi siku ya kwanza, na kuna mambo yanayoendelea kuuweka chini hata baada ya lile la kwanza kupita. Kwangu mimi, maumivu ndiyo yaliyouangusha. Yaliyouweka chini ni yale niliyoyafanya kwa kutafuta nafuu: kupanda kitandani mapema saa mbili kabla ya wakati ili "nijaribu bahati", kulala mchana kila mgongo uliponishinda, kukaa kitandani nikisoma, nikila dawa, nikipiga simu, nikilia, mpaka ubongo ukasahau kwamba kitanda ni mahali pa kulala. Tatizo la usingizi lilikuwa limeota miguu yake lenyewe. Kumwambia mtu aliyefika hapo angoje maumivu yapungue ni sawa na kumwambia mwenye nyumba inayowaka angoje kiberiti kizimike.

Na hapa nataka kuwakumbusha vitabu vyenu wenyewe. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa la Shirika la Afya Duniani, lililopitishwa mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeyapa maumivu sugu, yaani yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu, nafasi yao yenyewe badala ya kuyahesabu siku zote kuwa kivuli cha ugonjwa mwingine. Toleo hilo hilo limeyatengea matatizo ya usingizi sura yao kamili, na ukosefu wa usingizi wa kudumu umo humo kwa jina lake. Kabla ya hapo, mwaka 2005, kikao cha wataalamu kilichoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kilishauri kwamba tusiendelee kuuita ukosefu wa usingizi wa namna hii "wa pili", kama kwamba ni mkia wa kitu kingine, kwa kuwa jina hilo huwafanya waganga wauache bila kuutibu. Imepita miaka ishirini. Vitabu vimebadilika, ila fomu ninayojaziwa bado ina mstari wa maumivu tu.

Ninachoogopa ni kwamba mkisikia ombi hili mtafikiria vidonge. Vidonge tumekwisha kuvijua. Nilipolalamika sana niliandikiwa dawa ya usingizi ya jamii ya benzodiazepini, juu ya dawa kali ya maumivu ya jamii ya opioidi niliyokuwa nayo tayari, na hakuna aliyenieleza kwamba dawa mbili hizi zikikutana zinaweza kulegeza upumuaji wa mtu aliyelala hadi ukasimama. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa za makundi hayo mawili zibebe onyo zito kuliko yote juu ya kutumiwa pamoja. Hata bila benzodiazepini, opioidi zenyewe hupunguza usingizi mzito na huweza kusababisha pumzi kukatika-katika usingizini, na hivyo mgonjwa anaonekana amelala fofofo kumbe analala usingizi usiomlisha. Simwambii mtu yeyote aache dawa zake ghafla, kwani jambo hilo nalo lina hatari zake kubwa. Dawa hizi hupunguzwa taratibu, chini ya uangalizi. Ninachosema ni kwamba mtu akiandikiwa dawa ya maumivu bila kuulizwa anavyolala, nusu ya madhara ya dawa hiyo haitaonekana na yeyote.

Tiba iliyothibitishwa kuliko nyingine ipo, na haimo kwenye chupa. Ni tiba ya fikra na mwenendo iliyotungwa mahususi kwa ajili ya kukosa usingizi. Mwaka 2016 chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya ndani kilipendekeza kwamba mtu mzima yeyote mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanzishiwe hiyo kabla ya vidonge, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ukasema vivyo hivyo. Kwa kawaida huchukua vikao vinne hadi vinane. Naomba niieleze kidogo, kwa sababu nimegundua kwamba hata baadhi ya wahudumu wanadhani ni kuzungumza tu na mtu mpole.

Kwa wiki moja au mbili mgonjwa huandika kwenye daftari saa aliyopanda kitandani, muda aliochukua kulala, mara alizoamka, na saa aliyoamka moja kwa moja. Ikionekana anakaa kitandani saa tisa na kulala saa tano na nusu, basi muda wa kukaa kitandani hubanwa ukaribie muda anaolala kweli, bila kushuka chini ya saa tano, na saa ya kuamka huwa moja kila siku, awe amelala au hakulala. Usingizi uliokuwa umetandazwa mwembamba juu ya saa nyingi hukusanyika ukawa mzito. Kisha muda huongezwa kidogo kidogo. Pamoja na hilo kuna kanuni aliyoiandika Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda ni cha kulala, na mtu akishindwa kulala aondoke, akarudi macho yanapokuwa mazito. Halafu kuna kazi ya kuzichambua zile fikra za usiku wa manane, kama ile hesabu yangu ya saa zilizobaki.

Kwa mwenye maumivu, kanuni hizi haziwezi kuchukuliwa kama zilivyo, na hapo ndipo anahitajika mtu anayeyajua yote mawili. Mtu ambaye kuinuka kitandani kunamgharimu dakika tano za kuuma meno hawezi kuambiwa ainuke mara sita kwa usiku. Anaweza kuruhusiwa kukaa kitako pale pale akifanya jambo jingine. Anayelazimika kujinyosha mchana atafutiwe mahali pasipo kitanda, na muda uwe mfupi, unaojulikana. Mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya apande na kushuka kihisia, au anayeendesha magari mazito, asibanwe muda wa kulala bila uangalizi wa karibu.

Nami nitakuwa mkweli, kwa sababu barua inayoahidi makubwa mno huishia kwenye droo. Majaribio yaliyofanywa kwa wenye maumivu sugu yanaonyesha kwamba tiba hii huboresha usingizi kwa kiwango kikubwa. Upunguaji wa maumivu yenyewe huwa mdogo, na si kwa kila mtu. Mimi niliipata kwa kubahatisha, baada ya miaka tisa, kupitia mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya utafiti. Namba yangu ya maumivu haikupata kushuka chini ya 4. Lakini wiki ya tatu, ambayo ilikuwa ngumu kuliko zote na karibu niache, ilipopita, nililala saa nne mfululizo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na nilipoamka nilikaa kitandani nikiwa sielewi kilichotokea. Nne ya mtu aliyelala na nne ya mtu aliyekesha ni namba mbili tofauti, ingawa kwenye faili zinaandikwa sawa.

Wengi hawapati tiba hiyo. Wanachopata ni kipeperushi. Nina vipeperushi hivyo vitatu, na vyote vinanishauri niache kahawa jioni, nitie chumba giza na nizime simu. Ushauri huo hauna ubaya, na sikunywa kahawa jioni hata kabla ya kuupokea. Lakini mwaka 2021 chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kiliandika wazi kwamba mafunzo ya tabia njema za kulala yasitolewe peke yake kama tiba ya kukosa usingizi sugu. Kumpa mgonjwa kipeperushi na kumwona kama aliyetibiwa kunamfanya aamini kwamba tiba imejaribiwa ikashindikana, na akifika hapo huacha kuuliza.

Najua jibu mtakalonipa: hakuna wataalamu wa kutosha. Ni kweli, wanasaikolojia wa usingizi ni wachache popote mtu anapokwenda. Ila tiba hii imefundishwa kwa wauguzi na ikafanya kazi, na ipo inayotolewa kwa njia ya simu na ya intaneti ambayo imejaribiwa na kuonekana kusaidia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemwona mgonjwa wa mgongo kila wiki yuko mahali pazuri kuliko mtu yeyote pa kumfuatilia daftari lake la usingizi. Ugumu uko mapema zaidi, chuoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 juu ya vyuo vya udaktari katika nchi 12 ulikuta kwamba, kwa wastani, mwanafunzi hufundishwa juu ya usingizi kwa muda usiofikia saa mbili na nusu katika masomo yake yote, na zaidi ya robo ya vyuo vilivyojibu havikufundisha kabisa. Binadamu hutumia karibu theluthi ya maisha yake akiwa amelala. Daktari anayehitimu namna hiyo atajibu nini mgonjwa akimwambia kwamba hajalala tangu juzi, kama si kwamba maumivu yakipungua usingizi utarudi?

Tena swali la usingizi si la huruma tu. Ni chombo cha uchunguzi. Maumivu ya mgongo yanayomwamsha mtu nusu ya pili ya usiku na kupungua anapoinuka na kutembea yanaelekeza kwenye ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo, ambao tiba yake ni tofauti kabisa na ya mgongo uliochoka. Maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mkao wowote, yakiandamana na kukonda au homa, yanataka mtu achunguzwe upesi, isije ikawa ni saratani au maambukizi kwenye mfupa. Anayekoroma na kukatika pumzi, anayeona miguu haitulii jioni na huenda amepungukiwa madini ya chuma, anayemeza steroidi au baadhi ya dawa za sonona jioni badala ya asubuhi, wote hawa wangeweza kujulikana kwa dakika mbili za maswali. Kwa aliye na muda kidogo zaidi, kipimo cha maswali saba cha ukali wa kukosa usingizi kinajazwa na mgonjwa mwenyewe akiwa kwenye benchi. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 28, na kuanzia 15 kwenda juu hilo ni tatizo la kutibiwa.

Kwa wanaosimamia wodi nina neno fupi. Mgonjwa wa maumivu akilazwa, huwashiwa taa na kupimwa presha na joto katikati ya usiku hata pale hali yake inapokuwa imetulia kwa siku kadhaa, na dawa yake ya usiku huja kwa ratiba ya zamu, si kwa saa ambayo maumivu yake hupanda. Kwa mgonjwa mahututi hakuna ubishi. Kwa wengine, daktari angeweza kuandika kwenye chati kwamba huyu asiamshwe kati ya saa fulani na saa fulani isipokuwa kwa sababu, na muuguzi wa zamu akawa na kinga ya kumwacha alale.

Na kwa wale wanaopima uwezo wa mtu kufanya kazi: fomu zenu huuliza mzigo gani naweza kuinua na dakika ngapi naweza kuketi. Hazijawahi kuuliza kwa nini saa nne asubuhi nasoma mstari mmoja mara tano. Mtu anayechelewa kazini kwa sababu usingizi umemjia alfajiri huitwa mvivu, na akihamishiwa zamu ya usiku, kama ilivyowahi kumtokea mgonjwa mwenzangu wa baridi yabisi, huharibiwa hata kile kidogo alichokuwa amekijenga. Barua ya daktari ingeweza kulizuia hilo, kama daktari angekuwa na kitu kilichoandikwa kwenye faili cha kukiegemea.

Ninachoomba, basi, kinaanza na mstari mmoja kwenye fomu, chini ya ile namba ya maumivu, unaouliza mgonjwa alilalaje wiki hii, na mstari huo ujazwe kila anapokuja. Mgonjwa ambaye kwa miezi mitatu usingizi unamkimbia usiku tatu au zaidi kwa wiki aandikiwe ugonjwa huo kwa jina lake, na awe na mahali pa kupelekwa. Mahali hapo pawe na angalau mtu mmoja katika kila kliniki ya maumivu, awe muuguzi au mtaalamu wa mazoezi, aliyefundishwa tiba niliyoieleza. Mkiona gharama ni kubwa, anzeni na kliniki moja, mlinganishe idadi ya dawa zinazoandikwa na mahudhurio ya dharura kabla na baada, kisha mtuambie mlichokiona, hata kama hakikubaliani na barua hii.

Tarehe yangu ya kliniki ni mwezi ujao. Nitakwenda na daftari langu la usingizi, lenye usiku wote tangu kliniki iliyopita, na nitaliweka mezani kabla sijaulizwa namba.

Nawasilisha.

Wenu katika kungoja majibu,
Mgonjwa wa maumivu sugu ya mgongo